Dole Gumba Kwenye Kioo

Mama yangu mpendwa,

Natumaini Katungu anakusomea haya ukiwa umerudi misa, umevua viatu na chai iko mkononi. Mgongo unaendeleaje? Au bado unajibebea magunia ya maharage hapo Mpondwe kana kwamba wapagazi wameisha? Mimi mdogo wake Katungu ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani haina adabu.

Uliniuliza nafanya nini hasa kutwa nzima. Mama, natengeneza kutu! Nachukua kioo kinachopitisha umeme, nakitumbukiza kwenye maji ya buluu yenye shaba, kama ile iliyochimbwa milimani juu ya Kasese, yaliyochanganywa na asidi iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Nawasha umeme kidogo tu. Taratibu kioo kinavaa utando wa kutu ya shaba, mwekundu kama tofali, mwembamba kuliko unywele. Siku moja utando kama huo utanasa jua na kutoa umeme, kama paneli ya jirani yetu Haji. Rangi ikianza kuingia nasahau hata kula.

Lakini mwezi huu utando ulinigomea. Ulishika hapa, ukabambuka pale. Mwalimu wangu, mama mkali kuliko afande wa mpakani, akasema nisipoleta vioo vitatu vizuri Ijumaa, nafasi yangu apewe mwingine, nami nirudi nyumbani. Nilibadilisha maji, nikapunguza umeme, nikapima joto. Wapi! Nililia chooni, sikufichi.

Jumatano ukapiga simu.

"Kavira, ile mafuta unapakaka?" ukauliza. "Kule iko baridi ya kuua mutu. Mikono itapasuka, mutoto wangu."

"Napaka kila asubuhi, mama," nikajibu, huku nimeshika kioo kilichoharibika. Nikakigeuzia dirishani. Yale mabaka matupu yalikuwa na ukubwa wa vidole vyangu.

Mama, ni mafuta yako ya kokwa za michikichi! Glavu nilivaa, tena mpya, lakini nilizivuta kwa vidole vyenye mafuta, kisha kwa glavu hizo hizo nikashika kioo. Penye mafuta utando haushiki. Sikuamini mpaka nilipojaribu. Nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikavaa glavu nyingine, kioo kikatoka chekundu pembe hadi pembe. Kingine nikakikandamiza makusudi kwa dole gumba lenye mafuta. Utando ukajaa kote, ukaacha dole langu wazi na mistari yake yote.

Ijumaa nilipeleka vitatu. Mwalimu alivigeuzageuza, akasema, "Endelea." Nimebaki, mama! Na usije ukaacha kunitumia mafuta. Sasa napaka jioni nikishatoka kazini.

Nisalimie Katungu, msomaji wetu, Haji na malori yake, na shangazi anayeuza chumvi sokoni Bwera. Mwambie bado namdai hadithi.

Kile kioo chenye dole nimekifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Siku ile ya fomu ya mdhamini wa safari yangu, wewe ulitia dole gumba, kisha ukalificha kwenye kitenge kwa aibu, kwa kuwa hukufundishwa kuandika. Niliona. Kwa hiyo leo siandiki jina langu hapa chini. Fungua kitambaa, mama, uweke dole lako juu ya langu.

Ni mimi, mwanao. Sahihi iko kwenye kioo.