Mtoto wa Nyumba Hii

Kanyakine, Meru
22 Novemba 1998

Kwa ndugu yangu Stephen,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Timau haijawazidi nguvu, kwamba Eunice amepata nafuu ya mgongo na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha ya kutosha, maharagwe yametoa maua, na Mama anachuma kahawa kidogo kidogo kadiri mguu unavyomruhusu. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo. Yaliyobaki si mazuri, na ndiyo maana nakuandikia sasa badala ya kukungoja Krismasi.

Tangu tumzike Baba sijakuandikia, nawe hukuuliza kwa nini. Uliposimama kando ya kaburi na suti yako nyeusi, ukawaambia watu kwamba mzee wetu alikuwa binadamu, alianguka kama binadamu, na kwamba wewe kwa niaba ya familia unamwombea msamaha, mimi niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi. Watu walidhani nimelemewa na uchungu. Ni kweli nilikuwa na uchungu, ila si ule waliodhani.

Wajua jinsi mambo yalivyoanza. Purity alikuja kumsaidia Mama kazi za nyumbani wakati mguu ulipomshika, nawe ulikuwa hapa ukingoja kuitwa chuoni. Baadaye akarudi kwao Ruiri, na tumbo likaonekana. Mjomba wake, Mithika, akaja na wazee akasema msichana ameitaja nyumba hii. Mwenye nyumba ni Hezekiah, kwa hiyo wakamgeukia Baba. Alikana. Purity mwenyewe alikuwa jikoni na wanawake akimenya viazi, na hakuna aliyemwita aseme. Nawe ukafika, ukamwambia Baba mbele ya wazee wote kwamba mwanamume akikosea hukubali, ili boma lipate amani. Baba alikutazama, kisha akanyamaza. Siku ile nilidhani amenyamaza kwa aibu.

Kanisa likamvua cheo cha mzee wa kanisa. Hakuacha kwenda. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka nje akasimama hadi wamalize. Mama akahamia nyumba ya jikoni. Miaka ilipita hivyo, wawili hao wakiwa boma moja, wakisemeshana kupitia kwangu.

Mwaka jana nilikuwa sebuleni nikichora kwenye karatasi ya manila picha ya DNA, nikawafundishe kidato cha nne. Baba akaja akaketi, akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba ni maandishi yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili, yana umbo la ngazi iliyosokotwa. Nguzo zake mbili ni sukari na fosfeti zinazofuatana. Vidato vyake ni besi zinazoshikana mbili mbili: adenini na thaimini, guanini na saitosini. Akauliza kama adenini inaweza kushikana na guanini watu wakilazimisha. Nikacheka, nikamwambia haziwezi kukaana, vifungo vyake havilingani, hata kanisa zima lipige kura. Yeye hakucheka. Nikaendelea kumweleza kwamba mtoto hupokea nusu ya maandishi hayo kwa mama na nusu kwa baba, na siku hizi watu hupima damu wakalinganisha.

Akauliza, "Mtu akidanganya, hiyo ngazi nayo hudanganya?"

Nikamwambia hapana. Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe.

Wewe tulikwambia tunampeleka Nairobi kupimwa macho. Baba ndiye aliyetaka tuseme hivyo. Alikwenda mwenyewe Ruiri akamwomba Purity, na Purity akakubali bila kubishana, akaja na mtoto wake, Mukiri. Tulitolewa damu katika maabara ambayo ilizipeleka sampuli ng'ambo, tukarudi nyumbani kungoja. Stephen, sijapata kumwona Baba akiwa na furaha kama miezi ile. Alinyoa ndevu kila Jumapili. Aliniambia majibu yakija, atayapeleka kanisani mwenyewe, na siku hiyo hiyo atamwomba Mama arudi kulala nyumbani kwake.

Tulipoitwa tulikwenda sote tena. Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema Mzee Hezekiah si baba wa Mukiri. Kuna mahali pengi ambapo mtoto alipaswa kuwa na nusu ya Baba na hakuwa nayo. Baba akafumba macho akasema asante Mungu. Nami nikafurahi hivi kwamba sikuona daktari hajamaliza.

Alisema kuna jambo jingine. Kipande cha kiume cha maandishi hayo, ambacho mwana hurithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, karibu bila kubadilika, kilikuwa sawa kabisa kwa Mukiri na kwa Baba. Na hata kwingine walifanana kuliko watu baki wanavyoweza kufanana. Huyu mtoto si wa mzee, akasema, lakini si mgeni kwake. Akauliza kama mzee ana ndugu wa kiume. Baba akasema alizaliwa peke yake. Daktari akauliza kama ana wana.

Wewe wajua ana wangapi.

Tulipotoka ukumbini Baba alimuuliza Purity jina moja tu. Purity akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Mimi nilisema ni mtoto wa nyumba hii. Mjomba ndiye aliyesema ni wa mwenye nyumba. Na Stephen aliniambia nikae kimya, angemaliza chuo anioe." Baadaye akasikia umemuoa Eunice, na kufikia hapo, nani angemwamini?

Nilitaka tupite Timau kabla hata ya kufika nyumbani. Baba alinikataza. Alisema wewe umeshafanywa mzee wa kanisa huko, una mke na watoto wadogo, na yeye tayari amezoea benchi la mwisho. "Mimi nimebakiza kidogo," akasema. "Yeye ana safari ndefu. Acha waendelee kunisema mimi." Akanitaka nimwahidi, nikamwahidi. Hakuyapeleka majibu kanisani. Hakumwambia Mama lolote. Baridi ya Julai ilipomshika kifua, hakupigana nayo.

Huyo ndiye uliyemwombea msamaha, Stephen. Jeneza lake halikuingizwa kanisani, nawe ulisimama pale ukainamisha kichwa, watu wakakusifu kwa unyenyekevu.

Ahadi yangu nimeivunja. Baba ataniwia radhi au hataniwia. Jana nilimweleza Mama yote, polepole, tukiwa tunachambua maharagwe ya akiba. Hakulia. Hakukutaja. Aliniuliza kama Baba alikula chakula siku ile tuliporudi Nairobi. Nikamwambia alilala bila kula. Akaamka, akaingia nyumba kubwa aliyoihama, akajifungia, na hadi naandika haya hajatoka.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani. Kama unataka wayasikie kutoka kwako, uje kabla. Kama hutaki, nitayasema mimi, na Purity amekubali kusimama nami.

Nisalimie Eunice, sina ubaya naye. Wasalimie watoto pia, na uwaambie wana ndugu yao Ruiri, jina lake Mukiri, na hajambo.

Ni mimi dada yako,
Kathambi