Makosa Saba ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Mikono arobaini na nane. Yote ya kushoto!

Mashati ya wauguzi, oda ya wiki nzima. Kitambaa nilikilaza upande mmoja, sikukikunja, nikakata na kukata. Mshonaji wa mashine ya kwanza ndiye aliyegundua. Bosi akashika mikono miwili juu ya meza, akaniuliza kama siku hizi tunawashonea kaa wenye gando la kushoto tu. Karakana nzima ikacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda wote.

Kisha nikaingia chooni nikajifungia. Nimeshika mkasi miaka thelathini na mmoja. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua kukunja kitambaa.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Joto tena. Linaanzia kifuani, linapanda mpaka masikioni, blauzi inalowa kama nimemwagiwa maji. Nesi wa kliniki anasema ndio umri, hedhi inaaga, na kusahau-sahau kunakuja humo humo halafu kunapita. Nilitamani kumkumbatia. Kunapita! Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Mama yuko kwenye kiti chake na fumbo la maneno la gazeti. Anajaza kwa kalamu ya wino, hafuti. Miaka themanini na mmoja! Magoti yamekwisha, sikio moja limegoma, kwenda chooni ni safari ya fimbo na ukuta. Lakini kichwa ni wembe. Mimi miguu ninayo, mgongo ninao, nabeba robota la kitambaa peke yangu. Ukituunganisha tunatoka mtu mmoja kamili.

Jumanne, 12 Machi

Leo niliwahi kurudi kutoka kazini. Nikabandika sufuria ya maji, nikatoka uani kuanika nguo. Nguo zikaisha, nikakaa kwenye ngazi kuota jua la jioni. Raha tupu. Kichwani hamna sufuria, hamna gesi, hamna kitu.

Nikasikia binti yangu anapiga kelele ndani. Alikuwa ndiyo kwanza katoka kazini. Moshi, sufuria nyeusi, mpini umeyeyuka, pazia limeanza kubabuka. Akafungua madirisha huku anakohoa. Nani kawasha jiko?

Nikakimbia mpaka mlangoni.

"Ni mimi, mjukuu wangu," Mama akasema kutoka kitini. "Nilitaka maji ya kuoga."

Mama! Ambaye hufika jikoni kwa shida, kwa fimbo na ukuta!

Binti yangu akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akaanza kumsemesha taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Bibi, usiguse tena jiko, sawa? Umenisikia, Bibi? Mama akaitikia kwa kichwa.

Nami nilinyamaza. Nilisimama mlangoni na kikapu cha vibanio, nikanyamaza.

Jumatano, 13 Machi

Nimemuuliza kwa nini.

Akasema yeye keshazeeka, hakuna atakayemshangaa. "Wewe una miaka hamsini na mitatu. Una kazi. Na una mtoto wa kumsindikiza."

Nikamwambia ni mambo ya umri tu, nesi kasema. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikidanganya kuhusu daftari la hesabu.

"Mwanangu, mwaka jana ulimpigia shangazi yako simu ya pole mara mbili. Siku moja. Na mara ya pili ulilia upya."

Sikumbuki. Simu ya kwanza naikumbuka. Ya pili — hapana.

Kwa hiyo anajua tangu mwaka jana. Mwaka mzima ananitazama na kujaza fumbo lake!

Kasema tusubiri tu mtoto aondoke. Ajira yake mpya inaanza tarehe mosi mwezi ujao, mji mwingine, kazi ya ramani aliyoisomea. Akijua, hataenda. Hilo kweli. Namjua. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini na minne kama yeye niliacha chuo cha ubunifu wa mavazi ili nimuuguze Baba. Wiki mbili tu, nilisema. Sikurudi tena.

Jumatano, 20 Machi

Binti yangu ana daftari. Juu kaandika "Makosa ya Bibi", na tarehe. Leo kampigia kaka yangu na kumsomea yote, simu iko mezani, sauti nje, Mama anasikia kwa sikio lake moja.

Kuunguza sufuria. Kuacha bomba wazi mpaka ukumbi ukafurika. Kuacha mlango wa mbele wazi. Kuweka pasi ya moto juu ya kitanda. Kutupa barua ya ajira pamoja na takataka. Kumeza dawa mara mbili, kwa sababu kiboksi kilikuwa kitupu kabla ya siku yake. Kulala kitini mdomo wazi.

Saba. Sita ni yangu, Mama kayabeba. Hata lile la dawa: mimi ndiye ninayempa! La Mama ni moja, kulala kitini.

Kaka kasema hali imefika pabaya. Atakuja.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepotea.

Nilitoka karakana saa kumi na nusu, nikafika kwenye taa za barabarani, na ile njia ikawa siyo. Maduka nayaona, vibao navisoma, lakini havinielezi kitu. Kushoto au kulia? Watu wananipita. Nilihisi nikikaa hapo dakika moja zaidi nitapiga yowe.

Nikamuuliza fundi viatu wa pale pembeni. Akacheka. "Fundi, leo umeamua kunitania? Si unapita hapa kila siku?" Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akavua aproni, akanisindikiza mpaka kona ya mtaa wetu. Tulipofika akasema mama yake pia alianza hivyo hivyo.

Sikumuuliza aliishia wapi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeomba ruhusa nusu siku, nimekwenda kwa daktari. Kijana, mpole, kalamu tatu mfukoni. Kanipa maneno matano niyashike: kikombe, daraja, sindano, mvua, kiti. (Nayaandika hapa kwa sababu mwishoni alinitajia tena.) Kisha nichore saa. Mimi, ninayechora kola kwa mkono mtupu bila rula! Namba zote zikajazana upande mmoja, upande mwingine mweupe. Niliona kabisa kwamba imekosewa. Sikuona nirekebishe vipi.

Kati ya yale maneno nilikumbuka sindano tu.

Nikamwambia ni joto la mwili, ni umri. Akasema umri huo huo ndio unaomtia wasiwasi, mapema mno. Kaandika barua ya kupigwa picha ya kichwa. Mara ijayo nije na mtu wa familia.

Mtu gani?

Barua nimeiweka ndani ya begi la kazi, chini ya chaki.

Jumatano, 27 Machi

Kaka kaja na wifi. Tumekaa wote sebuleni. Kaka akavuta stuli mpaka mbele ya Mama, akamuuliza kwa sauti kubwa leo ni siku gani.

Asubuhi ya leo Mama kamaliza fumbo lote kabla sijatoka bafuni.

"Jumapili," Mama akasema.

Wifi akamtazama kaka. Kaka akauliza ana wajukuu wangapi. Mama akahesabu vidole, akafika watatu, akaanza upya. Wajukuu wake ni wanane, na siku ya kuzaliwa ya kila mmoja anaijua! Halafu akanitupia jicho. Jicho moja tu, kali. Kaa kimya.

Imeamuliwa. Jumamosi anapelekwa nyumba ya kulelea wazee. Kuna manesi, kuna bustani, kasema wifi. Binti yangu alilia, kisha akafuta uso, akasema angalau sasa ataondoka na roho imetulia.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na si kwamba maneno yalinitoroka, la! Yote nilikuwa nayo, mpaka la mwisho. Ugonjwa haukuhusika hapo. Ulikuwa woga wangu mwenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemkata Mama kucha za miguu. Nikamwambia kesho nasema. Akasema kule atapata wa kucheza nao karata. Nikamwuliza, na mimi je? Nikibaki na jiko hili peke yangu?

Akakunja gazeti lake, akalikunjua tena.

"Nilidhani watanikaripia tu," akasema. "Sikudhani watanihamisha."

Akalia. Sijamwona akilia tangu maziko ya Baba. Miguu yake mapajani mwangu, midogo, mikavu, nami nimeshika mkasi wa kucha. 

Halafu akajifuta kwa kiganja, akasema: Tukisema sasa, mtoto ataacha kazi. Subiri aende. Nitakaa kule wiki mbili tu.

Wiki mbili tu!

Ijumaa, 29 Machi

Sikusema.

Jumamosi, 30 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika haraka, nisije nikayakana baadaye.

Nilimvisha gauni la bluu nililomshonea mwenyewe. Limemzidi, mabega yameshuka, kapungua na sikuona. Kaka kambeba mpaka kwenye gari, kamfunga mkanda. Mama kakaa wima, anatazama mbele. Shingo yake nyembamba inaonekana juu ya kiti.

Nikasema, "Kaka, subiri."

"Nini tena?"

Nikasema. Yote. Sufuria, bomba, pasi, barua, dawa. Nilisema pale pale barabarani, mkono juu ya mlango wa gari ili asiufunge.

Hakuniamini! Akanishika bega. "Usijitwike, dada. Kumpeleka mzazi si dhambi. Kila mtu hujilaumu." Wifi naye akasema nikapumzike.

Nikamwambia Mama awaambie. "Mama, waambie leo ni siku gani!" Mama hakugeuka. Kafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Basi nikachomoa barua ya daktari kwenye begi, nikampa kaka. Akaipeleka mbali na uso, akaileta karibu, akasema haoni, miwani kaiacha mezani. Ndiyo nimekuja kuichukua.

Iko hapa mkononi. Kupitia dirisha namwona wifi kaichukua yeye barua, anasoma. Kaacha kuzungumza. Kaka anamuuliza kitu, hamjibu.

Binti yangu anashuka ngazi na mto wa bibi yake kifuani. Anauliza mbona gari bado halijaondoka.

Anauliza tena. Mama, mbona unaandika sasa hivi? Mama?

Kasimama mbele yangu —