Pembe ya Nyati Imebaki Mkononi Mwangu

Jumatano, 22 Julai. Keringet. Baridi ya kuuma masikio, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Huu ni mwezi wa saba tangu nitoke Kimilili, kwetu Bungoma.

Leo nimeharibu.

Nyumba hii ilijengwa na mzungu wa zamani, na alipoondoka aliacha ukutani vichwa vya wanyama aliowapiga risasi wakati uwindaji ulikuwa halali. Mama Kiprono, tajiri wangu, alinunua shamba pamoja na vichwa hivyo. Anavyo kwa kibali. Ijumaa maafisa wa wanyamapori wanakuja kuvikagua, kwa hiyo wiki hii nimetolewa kwa ng'ombe nikapewa brashi na kitambaa. Natoa vumbi, nafuta pembe kwa unyevu kidogo tu, nazikausha, kisha nazipaka mafuta zisipasuke.

Siipendi hii kazi. Yale macho ya kioo yanakuangalia tu.

Mimi nimezoea ng'ombe, na ng'ombe mkaidi unamshika pembe. Basi nilipopanda ngazi kumshusha nyati aliye juu ya mahali pa moto, nilishika pembe zote mbili nikavuta. Ya kushoto ikachomoka kama buti mguuni. Kichwani ukabaki mfupa mtupu. Kumbe pembe ni ganda lililovaa mfupa, na huu moto wa kila jioni ulikuwa umelikausha likalegea.

Nikashuka ngazi na pembe mkononi.

Mwezi ujao Brian, kifungua mimba wangu, anatahiriwa. Kwetu mtoto hutoka mtoni alfajiri amepakwa matope, anakuja kusimama katika uwanja wa babake, na baba awepo. Mama Kiprono amenipa ruhusa niondoke Jumamosi. Sasa pembe ya mnyama wa pori ikionekana imetolewa siku mbili kabla ya ukaguzi, nani ataamini kwamba sikutaka kuiuza? Watu wamefungwa kwa mambo kama hayo.

Rodah wa jikoni akaniletea gundi. "Wewe mtu wa Bungoma, unaogopa nini? Paka, rudisha, funga mdomo. Nyati mwenyewe hatasema."

Niseme ukweli, nilifungua ile gundi.

Halafu nikachungulia ndani ya pembe. Ilijaa ungaunga, na viwavi weupe wakitembea humo. Wale vipepeo wadogo wa rangi ya vumbi ambao nimekuwa nikiwafagia dirishani, hapo ndipo wanapozaliana. Nikiwafungia humo wataimaliza hii pembe, kisha wahamie kwa tandala aliye kando yake. Mwaka ujao Mama atakuwa na mifupa ukutani.

Nilimpelekea Mama pembe huko zizini. Sijui kama ulikuwa uaminifu au woga.

"Nani alikuwa na wewe?"

"Nilikuwa peke yangu, Mama."

"Na ungeipaka gundi, mimi ningejua?"

"Hungejua. Lakini iko na wadudu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema pembe ifungwe vizuri kwa plastiki iwekwe kwenye friza, baridi iue hao wadudu, na kichwa kitengwe stoo mbali na vingine. Rodah alitoa nyama ya mbuzi kupisha pembe, akiniuliza kama nitaila na ugali.

Kisha Mama akaniita kando. "Ijumaa utawaeleza wewe, kwa mdomo wako. Wakiridhika, nenda ukamsimamie kijana. Wasiporidhika hutoki hapa, tutajibu pamoja."

Tutajibu pamoja. Nimelishika hilo neno.

Mke wangu amepiga simu. Brian ameshaanza kuzunguka kwa wajomba na njuga zake, anaimba, anawaalika. Hakuna wa kumrudisha nyuma sasa. Sikumwambia mama yake kitu.

Natarajia kufika nyumbani Jumamosi jioni. Nisipofika, ndugu yangu Simiyu atasimama mahali pangu, na Brian akiinua macho atamwona yeye.