Mwache Awashe Flashi Mchana

Mjukuu na mume wangu Deo,

Marahaba, salamu yako imefika. Hapa Mabawe sote wazima, mbuzi amezaa mapacha, na babu yako bado anakoroma.

Unauliza kama mpiga picha wa harusi yako anakuibia, anaposema atawasha flashi juani. Hakuibii. Siku ya harusi yangu baba mkwe alivaa kofia pana. Mpiga picha akamwambia, "Mzee, kofia inakutia kivuli usoni, ngoja niwashe flashi."

Mzee akafoka: "Taa saa sita mchana? Kwani mimi kipofu?"

Nani angembishia? Picha ilipokuja tuliona kofia, na chini ya kofia giza lenye meno. Hata hivyo aliitundika sebuleni, akawa anamwonyesha kila mgeni: "Huyu ndiye mimi." Wageni wakaitikia kwa adabu. Picha yake nyingine hatuna. Ukiuliza leo sura yake ilikuwaje, nitakuonyesha kofia.

Basi mwache awashe. Na ammulike bibi harusi sawasawa, maana nataka nimwone vizuri huyo aliyeninyang'anya mume.

Ni mimi bibi yako, mke mkubwa.