Ng'ombe ya Kasomeno

Elisabethville, 1961

Yaya Casimir,

Batoto banakusalimia. Bwana yangu Adrien ametoka mu buloko jana, mule basoda balimufunga. Unajua anauzishaka nyama. Ng'ombe moja ilitembea kutoka Kasomeno, ikasikia masasi ya bunduki njiani, na Adrien akaichinja palepale ilipofika. Nyama ikakuwa nyeusi. Bantu bakasema: «Huyu Muluba ametia sumu,» na basoda bakakuja kumukamata.

Docteur Faustin akaipima mu laboratoire. Akaambia basoda: «Sumu hakuna. Ile ng'ombe ilichoka, iliogopa, sukari ya mu misuli yake ikaisha, njo mana nyama iko nyeusi. Ingepumuzika kwanza, ingekuwa nyekundu.»

Basi bakamufungula. Tangu jana analala. Nimefukuza hata kuku pa mulango. Na yeye apumuzike kwanza.

Mudogo wako,
Mujinga