Risasi ya Pili

Chuno, Mtwara
Agosti 1971

Mama yangu mpenzi, Bi Somoe,

Shikamoo, mama. Baada ya salamu ningependa kujua hali yako, na kama kile kifua kilichokutesa masika kimepoa. Je, muhogo wa bondeni mmewahi kuung'oa, au nguruwe wamewatangulia mwaka huu pia? Mimi mwanao mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimemtumia Mwalimu Modesta akusomee, na nimemwomba afunge mlango kwanza. Tafadhali msikilize mpaka mwisho hata ukikasirika.

Najua tayari umekasirika. Habari zimekufikia Nanyamba kwamba Salumu Likwena amehukumiwa kunyongwa kwa kumuua kaka yangu Omari, na kwamba mimi nilisimama mahakamani nikatoa ushahidi dhidi yake. Wewe ulikwisha kumsamehe. Nilikuwepo msibani mwaka jana alipokuja na sanda na mchele, akapiga magoti mkekani mbele yako, akashika msahafu na kulia kama mtoto. Alisema alikuwa akimwonyesha Omari bastola yake kule shambani Kitaya, ikafyatuka kwa bahati mbaya, na kabla hajatoa kidole risasi ya pili ikafuata yenyewe, maana bastola zile hujipakia zenyewe. Wazee wakatikisa vichwa. Ukamshika mkono, ukasema Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Polisi nao wakaandika kuwa ni ajali.

Mama, nilipoisikia ile "ikafuata yenyewe", nilitoka nje. Ukadhani ni uchungu wa msiba.

Sasa nikueleze nisichowahi kukueleza. Mume wangu Mahamudu unamjua kwa kutengeneza baiskeli. Lakini alipokuwa askari wa Mwingereza alifanya kazi ghala la silaha, na tangu vita vya ng'ambo ya Ruvuma vipambe moto na risasi za dukani kuwa adimu, wenye bunduki walimletea maganda matupu kwa siri ayajaze upya. Salumu alikuwa mmoja wao.

Ganda likijazwa, mdomo wake hupanuliwa kidogo ili kichwa cha risasi kiingie, kisha sharti ubanwe tena. Ukiubana mno, risasi hudumbukia ndani kupita kiasi na pini ya kuifyatua haiipati vizuri. Usipoubana vya kutosha, mdomo hubaki umekenua kama wa tarumbeta. Bastola ya namna ile ikishapiga hurudi nyuma, hutupa ganda na kusukuma risasi nyingine chumbani mwake. Mdomo uliokenua hugonga ukingo wa chumba na kukwama hapohapo. Ili upige tena itakubidi uvute chuma cha juu kwa mkono, uikung'ute risasi iliyokwama ianguke chini, kisha uisukume inayofuata kwa kiganja mpaka iingie.

Juma lile lile alilomuua Omari, Salumu alikuja hapa kwetu asubuhi akifoka kwamba risasi alizopewa ni takataka, kila akipiga moja inayofuata inakwama. Nilikuwa nasonga uji, nikasikia kwa masikio yangu. Mahamudu alimwomba aziache zibanwe upya. Salumu akajibu kwamba ana safari ya Kitaya na hawezi kwenda mikono mitupu. Akaondoka nazo zilezile.

Basi niambie, mama, hiyo ya pili ilifuataje yenyewe?

Baada ya matanga sikurudi Mtwara. Nilikuaga nikakwambia narudi, kumbe nilishuka Kitaya, kwa Asha, yule jirani aliyempikia Omari wakati wa mavuno. Alinipokea kwa wasiwasi. Nilimuuliza alisikia nini siku ile, akasema mlio tu. Nilimuuliza milio miwili ilifuatana? Akainama akachambua mchicha ule ule uliokwisha kuchambuliwa. Nikamwambia, "Asha dada yangu, mimi sitafuti maneno ya kupeleka sokoni. Nataka kujua kaka yangu alikufaje." Ndipo akalia.

Alisema ulilia mlio mmoja. Kisha akamsikia Omari akisema, "Salumu, umenipiga! Hebu iweke chini hiyo, njoo unishike." Akachungulia kwenye mpunga. Omari alikuwa amekaa chini, ameshika paja, anamnyooshea mkono yule mtu amsaidie kuinuka. Salumu alikuwa amempa mgongo, akihangaika na kitu mikononi, akikivuta na kukigonga kwa kiganja. Asha alifikiri anaifunga. Kisha Salumu akageuka.

Mama, kaka yangu hakukimbia kwa sababu alidhani ni ajali. Alimnyooshea mkono.

Asha alinyamaza kwa hofu, kwa vile alijua sababu. Omari alikuwa amemwona Salumu akivusha chumvi na mchele kuwauzia Wareno waliokuwa wakitupigia mabomu, na akamwambia usoni kwamba atampeleka kwa mwenyekiti. Jioni watu walipokwisha kuibeba maiti, Asha alirudi pale akaokota kitu kwenye majani, akakificha ndani ya mtungi wa mbegu. Alinifungulia kitambaa. Ilikuwa risasi nzima, haijapigwa, na mdomo wake umekwaruzwa upande mmoja pale ulipogonga ukingo. Hiyo ndiyo aliyoikung'uta kwa mkono ili apate ya kummalizia kaka yangu.

Niliipeleka polisi mimi mwenyewe. Mahamudu alinisihi nisiende. Alisema, "Mwajuma, ukiitoa hiyo watauliza nani aliijaza, na mimi ndio nimekwisha." Nilimjibu kwamba kwisha kwake ni kifungo, kwisha kwa Omari ni kaburi. Akanipisha mlangoni, na mpaka leo nakumbuka neno lile lilivyomkaa usoni. Zuhura, mke wa Salumu, naye alikuja na wanawe wawili wakajipanga mlangoni kwangu, akaniuliza wanawe nitawaweka wapi. Nikamwambia mtoto wa Omari aliyekuwa tumboni mwa mama yake sikuulizwa nitamweka wapi. Nikafunga mlango.

Mahakamani fundi wa silaha wa polisi alizijaribu risasi zilizobaki kwa Salumu, na kila ya pili ilikwama. Asha alisema yote. Mimi nilieleza vile Salumu alivyokuja kufoka nyumbani kwetu. Jaji alipomuuliza kama aliujua ubovu wa risasi zake, akatazama wakili wake, akatazama dari, kisha akanitazama mimi. Na mimi nikamtazama, mama. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Hukumu iliposomwa alipiga magoti tena, na safari hii hapakuwa na mkeka wa kuyapokea. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa makusudi, Mwalimu Modesta asilipunguze: nilifurahi.

Mahamudu alikiri kosa la kujaza risasi bila kibali, amefungwa miaka miwili. Na hapa ndipo nilipokuwa nazungukazunguka tangu mwanzo wa barua.

Siku ya mazishi, mama, ulipoosha mikono baada ya maiti kutolewa, ulimlaani aliyezitengeneza risasi zile. Ulisema mkono ule ukauke. Nilikuwa nimekushikia kata ya maji.

Ni mkono wangu. Mahamudu alipima baruti na kuyeyusha madini ya risasi ya kutengenezea vichwa, lakini macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Kubana midomo ilikuwa kazi yangu. Kibanio kilikuwa kimelika, nikakiona, nikaacha. Polisi walipouliza, Mahamudu alijibu mbio kwamba alifanya yote peke yake, akanikanyaga mguu chini ya meza. Ningeweza kusema. Lakini wakili wa Salumu alikuwa anatafuta cha kuniharibia, na shahidi mwenye kesi yake mwenyewe nani angemwamini? Nikamwacha mume wangu aende na kosa langu, ili Salumu asiponyoke.

Na jambo baya kuliko yote ni hili: ningeibana vizuri midomo ile, Omari angekufa vilevile, ila milio ingefuatana kweli, na Salumu angekuwa anakula wali barazani kwako mpaka leo. Uzembe wangu ndio uliomtia kitanzini. Nimejaribu kuujutia nimeshindwa. Ninachokijutia ni Mahamudu. Rufaa ya Salumu imeshatupwa. Siku nitakayosikia amekwisha, nitakwenda kituoni kusema ukweli wangu, wanifunge mimi. Kabla ya hapo sifungui mdomo. Ukitaka kuiacha laana iendelee, iache, mama. Ukitaka kuiondoa, sitakuwa na la kukulipa.

Nisalimie wifi yangu mjane wa Omari, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Nisalimie majirani wote, na mashangazi wa Kitaya ukiwaona. Mwalimu Modesta namshukuru kwa sauti yake. Nyumba ya Zuhura ukiipita, usifikishe salamu zangu, sina.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma