Ndugu Zangu wa Kimamba

Dada Mghoi,

Huku Kimamba mkonge ni uleule wa kwetu Voi, ila watu wananichanganya. Tangu nishuke kwenye treni kila mtu ananiita ndugu, hata karani.

Leo balozi wa nyumba kumi alikuwa ananiandikia barua ya ukaazi, akaniuliza, "Una ndugu gani hapa?"

Nikamjibu, "Si nyinyi nyote?"

Akaweka kalamu chini. "Ndugu wa kukudhamini. Bila huyo siandiki."

Jirani yangu Bi Zuhura, niliyemjua kwa siku nne tu, akasema, "Niandike mimi. Huyu ni mdogo wangu."

Akaandika. Mpaka sasa sijui kama tumedanganya. Usimwambie Mama kwamba nililia. Nawaombea afya, wewe na watoto.

Mdogo wako,
Wakesho